Mwenzangu wa Saa Saba

Lodwar, Alhamisi, Januari 10, 2013

Nesi wa kliniki ya sukari, huyu Lomenen mwenye sauti ya kuita ng'ombe, ameniamuru ninunue daftari niandike ninachokula na saa ninayokula. Nikamwambia mimi ni karani wa serikali, kuandika ndiyo kazi yangu. Akasema, "Basi leo utaandika kitu cha maana." Mjeuri! Lakini ndiye aliyeniosha kidonda cha kidole cha mguu bila kukunja uso, kwa hiyo nimemsamehe.

Tangu serikali initupe huku Lodwar, ulaji wangu umekuwa hivi: asubuhi chai, ofisini mandazi, mchana hakuna, jioni nafunua sufuria na kula kama mtu aliyetoka jela, kisha nalala. Nilidhani hiyo ndiyo nidhamu. Krismasi nikaanguka kwa dada yangu Kapsabet, mbele ya nyama na wageni, na wenye ulimi wakasema nimerogwa. Kumbe ni sukari. Sasa ni sindano asubuhi na jioni. Ni kula saa moja, saa saba, na tena saa moja jioni, na kitu kidogo katikati. Ugali usizidi ngumi yangu.

"Ukijidunga halafu usile," Lomenen amesema, "hiyo dawa itakula wewe."

Pembeni yangu kwenye benchi alikaa mwanamke mwembamba wa kitenge cha njano, fundi cherehani kutoka kambi ya Kakuma, Mkongo wa Uvira. Anaitwa Marie-Claire. Ugonjwa ule ule, sindano zile zile, na kumbe hata kanisa ni moja, maana letu lina tawi huko kambini. Ananiita Yaya. Nikamwambia huku Kenya yaya ni wa kulea watoto wa matajiri. Akacheka mpaka akakohoa. "Kwetu yaya ni dada mukubwa. Weye ni mukubwa, ama?" Nimemzidi miaka sita, na sikupenda alivyojua haraka.

Tumepatana: kila siku saa saba yeye atanipigia mara moja na kukata. Maana yake sahani yake iko mbele. Mimi nitapiga nikate. Ndipo tule.

Januari 11

Saa saba simu ililia ikakata. Nilikuwa na githeri kwenye mkebe. Karani mwenzangu akauliza tangu lini mimi nina bwana wa kunibipu.

Januari 17

Jua limetoboa paa. Dawa naiweka ndani ya mtungi wenye mchanga uliolowa maji, kwa sababu friji sina. Nimekula samaki wa Kalokol, sukuma na ugali wa ngumi. Nimekula pole pole, na kwa mara ya kwanza nimesikia samaki ana ladha gani.

Januari 22

Simu, nikala. Leo hakukata, alitaka kujua nakula nini. "Maharagwe," nikasema. "Miye pia! Ya mgao, iko na mawe. Yaya, tunakulaka kama bibi na bwana."

Januari 29

Kidonda kimeanza kukauka. Lomenen amekigusa akasema, "Kumbe unaweza kusikia mtu." Zamani niliona kula ni deni la tumbo, unalilipa likipiga kelele. Sasa saa sita na nusu naanza kungoja simu kama msichana. Sijui nimngoje Marie-Claire ama ningoje sahani. Vyote viwili vinanifurahisha, na hapa Lodwar sijazoea kufurahishwa.

Jumapili, Februari 3

Mchungaji ametangaza mfungo. Siku ishirini na moja, kuanzia Jumatatu ya wiki ijayo hadi Jumapili kabla ya kura. Mfungo mkavu, alfajiri mpaka jua litue, hata maji hapana. Ni kwa ajili ya amani, yasirudi yale ya kura iliyopita, watu walipochomeana nyumba. Kila mmoja wetu aliyetoka mikoa ya chini ana yake. Mimi ni nyumba ya dada yangu iliyochomwa Burnt Forest, na majirani waliokuwa wakituletea maziwa.

Baada ya ibada Mama Mchungaji, Helen, alituita akina mama kando, mimi nikiwa mwenyekiti wao. Helen ni mwanamke mkubwa, mwenye sauti laini ambayo huwezi kuikatalia. Akaniwekea mkono begani. "Mwenyekiti atasimama mbele. Mwenyekiti akifunga, nani atasema hawezi?"

Nilitaka kusema: Mama, mimi nimekatazwa. Maneno yalikuwa hapa, kwenye meno. Lakini wote walikuwa wananitazama. Nitasema ukweli humu, maana humu hakuna wa kunipigia makofi: uenyekiti huu ndio kitu pekee nilicho nacho mjini hapa. Ofisini mimi ni "yule mama wa faili". Nyumbani sina mume wala mtoto. Jumapili tu ndipo watu wanasimama nikiingia.

Nikasema, "Amina."

Jumatatu, Februari 11

Siku ya kwanza ya mfungo. Saa saba nilitoka ofisini nikasema naenda kuomba. Nimefunga dirisha, nimefunga pazia, nimepika bila kitunguu ili harufu isitoke. Nimekula nimesimama nyuma ya mlango, karibu na ndoo. Mwanamke mzima!

Simu ya saa saba haikulia. Nilijua kwa nini, tawi la kambini nalo liko kwenye mfungo, na sikupiga.

Februari 12

Mzee Ekidor, mlinzi wa ploti yetu, amebisha saa saba na dakika chache, akasalimu kwa Kiturkana. "Ejok, Mama." Nikafungua mlango kidogo. Akatazama mkono wangu wenye mafuta. Kwao mtu akikukuta unakula, huna la kusema, mnakula wote. Akaingia, akaketi, akanawa.

"Mzee, usiseme kwa watu. Niko kwa mfungo."

Akatafuna kwanza. "Sisi chakula ikikosa tunasema imekosa. Nyinyi iko, mnasema hapana. Halafu unakula." Akanitazama kwa huruma kabisa. "Mungu wako atachanganyikiwa, Mama."

Nikamwongezea samaki. Hiyo ndiyo bei ya mdomo wake.

Alhamisi, Februari 14

Nimefanya kitu leo.

Saa nane simu ililia na haikukata. Marie-Claire. "Yaya, huku kwa kanisa walitangaza. Walisema mwenyekiti wa Lodwar iko na ugonjwa wa sukari na anafunga, na Mungu anamushika. Ni weye!"

Sikujua. Helen, aliyejua ugonjwa wangu tangu Krismasi, alikuwa amenipeleka hadi Kakuma kama ushuhuda, bila kuniuliza. Nikafungua mdomo nimwambie, naye akasema, "Ngoja, niko na ba mama hapa, nimeweka sauti kubwa. Sema nao. Wengine wanaogopa. Na miye ninaogopa, Yaya. Ni kweli? Unapigaka sindano na haukule?"

Nikasikia akina mama wengi wakipumua kwenye simu moja. Mfupa wa samaki ulikuwa bado kwenye sahani. Nikasema, "Mungu ni mwaminifu."

Wakapiga vigelegele! Marie-Claire alisema kwa sauti ya mtu anayelia, "Basi kama weye unaweza, na miye nitaweza," na simu ikaisha salio.

Nitampigia baadaye, akiwa peke yake.

Februari 15

Simu yake imezimwa. Kambini wanachajisha kwa duka la Msomali, wakati mwingine siku mbili. Nimekula. Ekidor amekula.

Februari 16

Imezimwa.

Februari 17

Kanisani wamenisimamisha. Upepo wa mchanga umefunika mji, hata mlima hauonekani.

Jumanne, Februari 19

Nimempata. Kabla sijaanza akanikatiza. "Yaya! Walinipima. Sukari imeshuka mpaka daktari alishangaa! Sikumwambia ninafunga, angepiga kelele. Mungu iko!"

Lazima ishuke, mjinga wewe, unajidunga na huli! Hivyo ndivyo nilivyotaka kusema. Badala yake nilisema, "Ukisikia jasho ama kizunguzungu, kunywa soda. Hiyo si dhambi."

"Weye ulikunywa?"

Hapo ndipo palikuwa na mlango wazi kabisa. Ningepita.

"Mimi sijasikia kizunguzungu," nikasema. Na ni kweli sijasikia. Nakula vizuri.

Akaniambia kitu kingine. Mgao wa kambini hutolewa kila baada ya wiki mbili, na wake huisha mapema kwa sababu mahindi mengine anauza apate nyuzi za cherehani. "Siku za mwisho tulikuwaka na njaa tu ya bure. Sasa iko na kazi. Ninaitoa kwa Mungu." Alisema kwa furaha. Nimeshindwa kumaliza uji wangu wa saa kumi, kisha nikaumaliza.

Februari 21

Nimekula. Sitaki kuandika zaidi.

Jumapili, Februari 24

Helen ameniita mbele ya kanisa zima. "Mtazameni! Mtazameni uso huu! Juzi alikuwa amefifia, sasa anang'aa. Hata kidole kilichokuwa kikatwe kimepona. Nani amemlisha?"

"Bwana!" wakajibu.

Aliyenilisha ni mimi, kwa ratiba ya Lomenen, nyuma ya mlango. Ni wiki saba za kula kwa saa. Mwili wangu umenishukuru kwa sauti, na Helen ameipeleka sifa mahali pengine, nami nimesimama pale nikitabasamu kama bibi harusi. Mzee mmoja anayemeza vidonge vya presha alinishika mkono akasema kesho anaviacha. Nikamwambia, "Wee! Usithubutu!" Akacheka, akadhani ni unyenyekevu.

Nilipofika nyumbani nilitapika. Kisha nikakumbuka nilikuwa nimeshajidunga, ikabidi nipike tena. Nikajitukana kwa Kinandi, maana Kiswahili hakikutosha.

Ijumaa ninaenda Kakuma.

Jumamosi, Machi 2. Naandika ndani ya gari, tumesimama kungoja polisi wa kutusindikiza.

Niandike jana kabla sijaanza kuipunguza makali.

Nilifika kambini mchana, kwenye joto la kupasua mawe. Nyumba yake ni ya matope na bati, cherehani mlangoni. Nilipomwona sikumtambua mara moja. Kitenge kile cha njano kilikuwa kimemzunguka mara mbili. Alikuwa anashona sare ya mtoto, na jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kidevuni.

"Yaya!" Akainuka, akashika meza, akakaa tena. "Umekuja kumaliza mufungo na miye!"

Binti yake Sylviane, msichana wa miaka kumi na sita, alikuwa anachambua maharagwe. Nikamtuma soda. Alipotoka nikasema, bila kukaa.

"Marie-Claire, mimi ninakula."

"Leo?"

"Kila siku. Tangu siku ya kwanza. Sijafunga hata siku moja."

Akaendelea kukanyaga cherehani. Alishona mpaka mwisho wa mshono, akakata uzi kwa meno. "Ile siku ulisema na ba mama?"

"Nilikuwa nimemaliza samaki."

Nilingoja anitukane. Nilitaka anitukane. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, kwa kilio, hata kwa kofi. Nilidhani nikishasema, yeye atachukua kijiko ale, nami nitarudi nyumbani mwepesi. Huo ndio ulikuwa mpango wangu wote, na ninauona sasa ulikuwa mpango wa mtu anayejifikiria mwenyewe.

Akasema, "Basi maombi yetu iko na tundu."

"Maombi gani? Mwanamke, kula!"

"Weye ni mwenyekiti. Uliwekaka majina yetu wote mbele ya Mungu. Kama kichwa ilikulaka, mwili ilifunga bure." Hakuwa na hasira hata kidogo. Alikuwa anapiga hesabu kama mtu anayepima nguo. "Uvira nilikimbia na Sylviane kwa mugongo. Bwana yangu alibaki kwa njia. Hapa nikimbie tena, niende wapi? Kura ni Jumatatu. Bado leo, kesho na Jumapili. Nitafunga ya kwangu, na ya kwako pia. Hata jioni sitakula."

Nikapiga magoti kwenye vumbi. Nikamwambia Mungu hahitaji tumbo lake. Nikamwambia maneno ya Lomenen, kwamba dawa itamla. Nikasema, "Basi Jumapili nitasimama kanisani niseme kila kitu."

Hapo ndipo alipokasirika. Alinishika kifundo cha mkono, na vidole vyake vilikuwa baridi kwenye joto lile. "Usiseme! Ukisema, ba mama wataacha wote, siku ya mwisho. Damu ikimwangika, itakuwa juu yako. Uape."

Nikaapa. Mungu anisamehe, nikaapa, na sehemu yangu moja ilipumua, kwa sababu sasa kunyamaza kulikuwa kumepata sababu nzuri.

Sylviane akarudi na soda mbili. Nilimfungulia mama yake moja. Akaisukuma kando, hakuinywa. Kisha akatazama jua mlangoni, akasema, "Yaya, saa saba imepita. Weye ukule, bado uko na kidole." Na akaniwekea maharagwe. Nilikuwa nimejidunga asubuhi. Nilikula mbele yake huku ananitazama, na alikuwa anatazama kijiko, siyo mimi.

Usingizi haukunipata kwenye nyumba ya wageni. Asubuhi nilimvuta Sylviane nje ya uzio. Nikamwambia akimwona mama anatokwa jasho au anaongea ovyo, amnyweshe soda kwa nguvu, amwite jirani, wampeleke hospitali ya kambi. Akasema, "Ndiyo, Yaya." Soda ya pili, ile isiyofunguliwa, niliiweka juu ya cherehani aione. Nilitaka kubaki. Lakini dereva alisema hili ndilo gari la mwisho, baada ya hapa hakuna anayesafiri mpaka kura ipite, na mimi ofisini nimepangiwa kazi ya uchaguzi. Nikapanda.

Jumapili, Machi 3

Nimesimama mbele ya kanisa kufunga mfungo. Sikusema. Nilimpigia kabla ya ibada na baada ya ibada. Imezimwa.

Jumatatu, Machi 4

Foleni ndefu tangu alfajiri, watu wametulia, wazee wa Kiturkana wamekalia viti vyao vidogo vya mbao na kusogea navyo. Hakuna aliyemtukana mwenzake. Saa saba nilikula mkate na yai kwenye kituo mbele ya watu wote, mfungo umeisha, hakuna aliyejali.

Saa kumi Sylviane alipiga kwa simu ya jirani. Jana jioni mama alikataa kula. Alisema saa za Yaya hazijaisha, zitaisha kura ikianza. Asubuhi alijidunga sindano kama kawaida, akasema atalala kidogo kisha wapike. Sylviane alimwacha alale, alidhani anaomba ndani ya usingizi. Alipomgusa alikuwa amelowa na hamjui mtu. Majirani walimbeba kwenye blanketi. Alikata roho kabla hawajafika.

"Soda je?" nikauliza. Sijui kwa nini niliuliza hilo.

"Iko juu ya mashini," akasema.

Machi 5

Nimejidunga. Nimekula. Sijui nimekula nini.

Ijumaa, Machi 8

Tulimzika jana. Mchungaji alituchukua kwa gari la kanisa, Helen mbele, mimi nyuma na viti vya plastiki. Redio ilikuwa inasoma kura njia nzima. Nchi imetulia. Kila baada ya laga, yaani mto mkavu, Helen aligeuka kunitazama akasema, "Unaona? Unaona?"

Makaburini upepo ulikuwa unarudisha mchanga shimoni kabla ya watu wa majembe. Helen alisema mbegu imeanguka ili taifa liishi. Alisema dada yetu amekufa akiwa kwenye zamu yake kama askari. Watu wakalia. Mimi nilikuwa natazama vidole vya Sylviane, alikuwa na sindano ya mkono yenye uzi wa njano imechomekwa kwenye gauni, ameisahau.

Baadaye tuliketi nje ya ile nyumba. Akina mama wa kambi walikuwa wamechanga kutoka kwa migao yao, kila mmoja kikombe cha unga, kikombe cha maharagwe, mafuta kidogo, hadi sufuria mbili zikajaa. Kwa mgeni wa heshima hakukuwa na kinywaji. Sylviane akaingia ndani, akatoka na ile soda. Ile ile. Akamfungulia Mama Mchungaji, naye akainywa akishukuru, akasema imekuwa moto kidogo lakini Mungu ambariki.

Kisha Helen akasema, "Sasa mwenyekiti wetu atashuhudia, maana yeye na marehemu walishika mfungo mmoja."

Nikainuka. Nilikuwa nimeamua. Kiapo kilikuwa cha kabla ya kura, na kura imepita. Nikafungua mdomo, na kama kawaida yangu nikaanza na "Bwana asifiwe."

Sylviane alikuwa amesimama mbele yangu na sahani. Ugali mdogo, maharagwe, mboga. Alikuwa ameupima ule ugali kwa ngumi, niliona alama za vidole.

"Mama alisemaka," akasema kwa sauti ya kawaida, ila kila mtu alisikia, "saa saba Yaya anakulaka. Hata kukiwa na wageni, Yaya akule kwanza. Alisema Yaya hakufungaka hata siku moja, na ni vizuri, ni juu ya sindano." Akanipa kijiko. "Ni saa saba. Kula, Yaya. Usichelewe."

Sijui kama alitaka kunichoma au kunitunza. Nilimtafuta usoni, hakukuwa na kitu pale. Helen alikuwa na chupa mkononi, haiendi mdomoni wala haishuki. Akina mama wote, wale wale niliowahi kusikia wakipumua kwenye simu, walikuwa wananitazama.

Nilikaa nikala. Nilikula yote.

Jumapili, Machi 17

Mwenyekiti mpya amechaguliwa. Mchungaji amehubiri habari za watu waliomficha Mungu kitu wakafa. Hakunitaja, hakuwa na haja.

Hiki ndicho kinachoniuma kuliko kuvuliwa cheo: wamejifunza kinyume. Nilisimama mwisho wa ibada, nikasema wazi, "Marie-Claire amekufa kwa sababu alijidunga dawa bila kula. Mwenye sukari asifunge. Mwenye vidonge asiviache." Helen akanijibu kwa ile sauti laini, "Amekufa kwa sababu kulikuwa na mtu kambini mwa Bwana aliyekula." Wakasema amina, wote! Yule mzee wa presha alisema amina kubwa kuliko wote.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi nilificha, nacho kikaenda kwa mwingine.

Machi 18

Saa saba simu imelia. Namba ya Marie-Claire. Nilidondosha kijiko.

Alikuwa Sylviane. "Umekula?"

"Ndiyo," nikasema. Akakata.

Machi 19

"Umekula?" "Ndiyo." Akakata.

Machi 20

Vivyo hivyo.

Machi 26

Vivyo hivyo. Ekidor bado huja. Sasa tunakula mlango wazi, mimi na yeye, na mtu akipita anakaribishwa. Wa kanisani wakipita hawageuki.

Alhamisi, Aprili 4

Kliniki. Kidole kimepona kabisa. Sukari iko mahali pake. Lomenen amepekua kurasa za chakula, akapiga meza kwa furaha. "Mama, wewe ni mfano! Nitakuita uje ufundishe wagonjwa wapya." Nikamwambia tayari nimeshakuwa mfano mara moja, inatosha. Hakuelewa, na nilishindwa kumwambia. Kwenye benchi palikuwa na nafasi pembeni yangu.

Aprili 9

Mvua, hatimaye. Laga ya Kawalasee imejaa usiku mmoja, imebeba mbuzi na paa la mtu. Barabara ya Kakuma imekatika.

"Umekula?" "Ndiyo."

Jumatatu, Aprili 15

Bado mvua. Malori yamelala upande wa pili, hakuna sukuma sokoni, samaki wamepanda bei. Nimepata kipande cha kambale. Asubuhi nilikuwa nimejidunga; saa saba kasoro nikapakua, nikakaa.

Simu ikalia. "Umekula?"

Kila siku nimekuwa nikijibu neno moja na kumwacha akate. Nilikuwa nalichukua lile swali kama fimbo yangu ya kila siku, na nilishazoea kugeuza mgongo. Leo, sijui ni mvua au ni nini, nikasema haraka kabla hajakata, "Na wewe, Sylviane? Wewe umekula?"

Nilisikia bati la kwao likipigwa na mvua, mvua ile ile niliyokuwa nayo mimi.

"Magari ya mgao haikufika," akasema. "Chakula iliishaka juzi."

"Juzi! Mbona hukuniambia?"

"Haukuulizaka," akasema. Kisha akakata.

Nikampigia, imezimwa. Nikatoka hadi barazani, Ekidor akanionyesha laga kwa kidevu, maji mekundu yamefika shingo ya mti wa mkoma. Hakuna gari wala mtu wa kuvuka leo. Nikarudi ndani. Kambale alikuwa kwenye sahani, na ugali wa ngumi moja. Nilikuwa nimeshajidunga sindano. Ikabidi nile.